Ramani Zisizoona Chini: Mashimo ya Sirikwa, Mapango ya Elgon na Gemu za Leo

Ramani ya kawaida huchorwa kana kwamba mchoraji yuko angani akitazama ardhi iliyo chini yake. Kwa mtazamo huo, mito, barabara, vilima na mipaka ya mashamba huonekana vizuri. Pango halionekani, kwa kuwa limefunikwa na mwamba, na juu ya mwamba huo pana msitu au shamba ambalo mchoraji amekwisha kulitia kwenye karatasi. Mahali pamoja pana sehemu mbili, moja juu ya nyingine, na karatasi ina nafasi ya moja tu. Upungufu huo uliwasumbua wapima ardhi na wachunguzi wa mapango kwa muda mrefu. Katika miaka hamsini iliyopita umewasumbua pia watengenezaji wa michezo ya kompyuta, ambayo wachezaji wake huzurura katika nchi za kubuni zenye mapango na mahandaki.

Eldoret na viunga vyake ni mahali pazuri pa kuifuatilia historia hii. Mji wenyewe ulianza ukiwa namba kwenye ramani. Katika nyanda zinazouzunguka yametapakaa mashimo ya kale ya Sirikwa. Kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Kitale, umesimama Mlima Elgon, ambao mapango yake yalikaliwa na watu pamoja na ng'ombe wao kwa vizazi kadhaa. Mashimo na mapango hayo yalikuwapo kabla ya ramani ya kwanza kuchapishwa, na sehemu kubwa yake haikuingizwa humo.

Mashimo ya Sirikwa

Nyanda za Uasin Gishu ziko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Zina nyasi nzuri, baridi ya kutosha na maji, na kwa hiyo zimewavutia wafugaji tangu zamani. Kabla ya Wamaasai wa Uasin Gishu kulisha mifugo yao huko, na kabla ya Wanandi kuzichukua baada yao katika karne ya 19, nyanda hizo pamoja na maeneo mengine ya magharibi mwa Bonde la Ufa zilikaliwa na watu ambao masimulizi ya Wakalenjin huwaita Sirikwa. Wanaakiolojia huuweka wakati wao kati ya mwaka wa 1200 hivi na karne ya 18.

Alama kubwa waliyoiacha ni mashimo ya mviringo yaliyochimbwa kwenye miteremko ya vilima, yenye umbo la sahani. Shimo la kawaida lina upana wa mita kumi hivi na kina cha mita mbili au zaidi kidogo. Mlango huwa upande wa chini wa mteremko, na nje ya mlango huo pana kichuguu cha samadi na udongo uliozolewa kutoka ndani mwaka hadi mwaka. Penye mawe mengi, kama ilivyo sehemu nyingi za Uasin Gishu, kuta za shimo zilijengewa kwa mawe.

Wataalamu wa kwanza waliyasoma mashimo haya vibaya. G. W. B. Huntingford, aliyeishi miongoni mwa Wanandi na kuandika sana juu yao, aliyahusisha na ustaarabu wa kale wa wajenzi wa mawe, na mwaka 1933 akachapisha makala ambamo aliupa ustaarabu huo jina la Azania. Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938, alikuta mashimo ya aina hiyo na kuyachukua kuwa nyumba za kukaliwa na watu, zilizozamishwa ardhini.

Aliyeibadilisha tafsiri hiyo ni J. E. G. Sutton, aliyezunguka nyanda za magharibi mwa Kenya miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu kuhusu akiolojia yake mwaka 1973. Sutton alionyesha kwamba shimo lilikuwa zizi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walilala humo usiku, wamekingwa na ukuta wa ardhi na mlango mwembamba uliokuwa rahisi kulindwa. Watu walikaa katika nyumba ndogo zilizobanwa kando ya shimo, na mlango wa nyumba ulifungukia ndani ya zizi. Kilichoonekana kuwa nyumba moja kilikuwa boma zima.

Kosa hilo linafundisha jambo kuhusu ramani. Akitazama kutoka juu, mtu huona duara kwenye mteremko, na duara halisemi kama ni nyumba, zizi au kisima kilichokauka. Maana ya shimo ilipatikana kwa kulikata kutoka juu hadi chini na kuchora mkato wake: samadi iko wapi, sakafu ya nyumba iko wapi, mlango unatazama upande gani. Mchoro wa juu ulionyesha mahali, na mkato ukaonyesha matumizi. Kila aliyejaribu baadaye kuchora sehemu za chini ya ardhi alilazimika kujifunza jambo hilo upya.

Shamba namba 64

Mwanzoni mwa karne ya 20 nyanda za Uasin Gishu zilianza kuchorwa kwa kusudi jingine. Mwaka 1903, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitoa wazo la kuwapa Wayahudi eneo la Afrika Mashariki, na nyanda hizi ndizo zilizokuja kutajwa. Tume ya watu watatu, Alfred Gibbons, Alfred Kaiser na Nahum Wilbusch, ilikuja kuzikagua mapema mwaka 1905, na mwaka huohuo mkutano mkuu wa Wazayuni ukalikataa wazo hilo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na upinzani wao dhidi ya Waingereza ukavunjwa. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda hadi kwenye nyanda hizo na mikokoteni ya maksai.

Ardhi ilikatwa mashamba, na kila shamba likapewa namba. Mpima ardhi alitakiwa kuonyesha mipaka, ukubwa, maji na njia ya kufikia. Alichokuwa akikitengeneza kilikuwa hati ya kumiliki, na kwa hati ya namna hiyo shimo la kale la mifugo halikuwa na thamani yoyote. Mipaka ilinyooshwa juu ya maboma ya Sirikwa na juu ya malisho ya Wanandi kana kwamba hapakuwa na mtu kabla yake.

Ofisi ya posta iliwekwa kwenye shamba namba 64, karibu na Mto Sosiani, na makazi yaliyoizunguka yakaitwa Sixty-Four, jina ambalo wenyeji walilitamka Sisibo. Mwaka 1912 mji ulipewa rasmi jina la Eldoret, na reli ikaufikia mwaka 1924. Miji inayokumbuka namba yake ya shamba kwenye ramani ni michache, na Eldoret ni mmoja wao. Jina la Sirikwa lilirudi baadaye kupitia hoteli iliyojengwa mjini, na wakazi wengi wanalijua kwa hoteli hiyo kuliko kwa mashimo yenyewe.

Mapango ya Elgon

Mlima Elgon ni volkano iliyozimika, na kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, kiko upande wa Uganda kwenye mwinuko wa mita 4,321. Kwenye miteremko yake ya mashariki na kusini kuna mapango mengi, yakiwemo Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha, ambayo sasa yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon iliyotangazwa mwaka 1968. Yamo kwenye mwamba ulioundwa na majivu na mawe yaliyorushwa na volkano, ambao ni laini kuliko tabaka gumu lililo juu yake. Kitum linaingia ndani ya mlima kwa takriban mita 200.

Wakony, moja ya jamii zinazojumlishwa pamoja kama Wasabaot, waliyatumia mapango haya kama makazi na ngome. Adui alipokuja, watu na mifugo waliingia ndani na mlango ukazibwa kwa magogo. Ndani mlikuwa na sehemu za kulala watu, za ng'ombe na za kuwekea nafaka. Waliokulia humo hawakuhitaji mchoro: walijua kwa miguu na mikono ni wapi dari linashuka, wapi sakafu ina ufa, na wapi maji yanadondoka hata wakati wa kiangazi.

Mwishoni mwa mwaka 1883, Mskoti Joseph Thomson alifika kwenye mapango hayo katika safari iliyogharimiwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London. Kitabu chake cha mwaka 1885 kiliwapa wasomaji wa Ulaya habari za vijiji vilivyokuwa ndani ya mlima. Thomson hakuamini kwamba mapango makubwa hivyo yangeweza kutokea yenyewe, wala hakuamini kwamba wenyeji waliyachimba. Alidhani ni kazi ya taifa la kale lenye ufundi, pengine Wamisri, lililokuwa likitafuta vito au madini. Frederick Jackson na Ernest Gedge walipita Elgon mwaka 1890, na C. W. Hobley akauzunguka mlima mzima na kuchapisha maelezo yake mwaka 1897. Ramani zilizotokana na safari hizo zilionyesha mlima kwa ujumla. Mapango yalitajwa katika maandishi, lakini umbo la ndani halikuchorwa.

Utawala wa kikoloni ulipoimarika, Wakony walitakiwa watoke mapangoni wajenge mahali pa wazi, ambako ilikuwa rahisi kuwahesabu na kuwatoza kodi. Kisichoonekana kutoka juu hakihesabiki, na kisichohesabika hakitawaliki. Kwa kuwatoa watu humo, serikali ilijiepusha na kazi ya kuyachora mapango, na maarifa ya waliokuwa wakiishi ndani yakaanza kupungua pamoja na wazee wao.

Wakazi wengine waliobaki ni ndovu. Usiku huingia Kitum katika giza totoro na kuchonga kuta kwa pembe ili walambe chumvi ya sodiamu iliyo kwenye mwamba. Ian Redmond, aliyewachunguza miaka ya 1980, alieleza jinsi wanavyopapasa sakafu kwa mkonga wakitafuta njia, na jinsi ufa mmoja ndani ya pango ulivyowahi kuwaua ndovu wachanga waliotumbukia. Mwaka 2006 Joyce Lundberg na Donald McFarlane walichapisha uchunguzi ulioeleza kwamba mapango haya huanza kwa kumomonyolewa na maporomoko ya maji, kisha wanyama wanaochimba chumvi huyapanua. Wamisri wa Thomson hawakuhitajika.

Macho ya ndege na setilaiti

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliunda mwaka 1946 idara ya kupima makoloni yake, na ndege za Kikosi namba 82 cha jeshi lake la anga zikapiga picha za sehemu kubwa za Afrika Mashariki. Kutokana na picha hizo zilipatikana ramani za skeli ya 1:50,000, ambazo baadaye ziliendelezwa na Idara ya Upimaji ya Kenya na ambazo wanafunzi wa jiografia wa sekondari bado hufundishwa kuzisoma. Zilikuwa hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza kila kijito na kila mteremko wa Uasin Gishu uliwekwa mahali pake, ukiwa na mistari ya kontua inayoonyesha mwinuko.

Lakini picha ya angani huona kilele cha msitu, haioni mlango wa pango ulio chini ya miti. Skeli nayo ina mipaka yake. Katika ramani ya 1:50,000, milimita moja inasimama mahali pa mita 50. Shimo la Sirikwa lenye upana wa mita kumi lingekuwa sehemu ya tano ya milimita, dogo kuliko nukta ya kalamu. Pango la Kitum, kwa urefu wake wote, lingechukua milimita nne. Kinachoweza kufanyika ni kuandika jina mlangoni, na jina hilo linamwambia msomaji kwamba pango lipo bila kumwambia lolote kuhusu ndani yake.

Mistari ya kontua yenyewe imejengwa juu ya dhana kwamba kila mahali pana mwinuko mmoja. Penye pango dhana hiyo huvunjika, kwa sababu mahali pamoja pana mwinuko wa ardhi ya juu, mwinuko wa dari na mwinuko wa sakafu. Mfumo wa GPS, uliokamilika mwaka 1995, haukuliondoa tatizo. Mawimbi ya setilaiti hayapenyi mwamba. Simu inayomwongoza dereva kutoka Eldoret hadi lango la hifadhi huacha kujua ilipo hatua chache baada ya mlango wa pango.

Kupima gizani

Ramani ya pango hutengenezwa kwa kuingia ndani. Wapimaji huchagua vituo, kimoja kikionekana kutoka kwa kingine. Kati ya kila viwili hupima mambo matatu: umbali kwa utepe, mwelekeo kwa dira, na mteremko kwa kipimio cha pembe. Kwenye kila kituo hupima pia kushoto, kulia, juu na chini. Mmoja hubeba daftari na kuchora anachokiona. Kutokana na vipimo hivyo hupatikana michoro mitatu: mchoro wa kutoka juu, mkato wa urefu unaoonyesha kupanda na kushuka, na mikato midogo ya upana katika sehemu mbalimbali. Mmoja peke yake hautoshi. Njia mbili zinapopitana, moja juu ya nyingine, ya chini huchorwa kwa mistari ya vipande au kwa rangi tofauti.

Makosa hujilimbikiza. Dira ikikosea kwa nyuzi moja tu, kila mita 100 za njia humpeleka mpimaji pembeni kwa karibu mita 1.75, na kosa hilo huongezwa kwenye la kituo kinachofuata. Katika miamba ya volkano, ambayo ni mingi Kenya, chuma kilichomo kwenye jiwe kinaweza kuivuta dira. Dawa ya zamani ni kupima kwa kurudi pale pale palipoanziwa: tofauti kati ya mwanzo na mwisho huonyesha ukubwa wa kosa, kisha husambazwa kwenye vituo vyote.

Kazi ya namna hiyo imefanyika Kenya. Kikundi cha wachunguzi wa mapango wa Afrika Mashariki kilichokuwa na makao Nairobi kilipima, miaka ya 1970, pango la Leviathan katika Milima ya Chyulu, ambalo ni mfereji wa lava wenye njia za juu na za chini, na jumla ya urefu wake ikapita kilomita 11. Kwa mtu anayesimama juu yake hapo Chyulu, hakuna dalili kwamba chini ya miguu yake pana njia ndefu kiasi hicho.

Kwa Kitum, umuhimu wa kujua ndani ulikuja kwa njia ya huzuni. Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya alikufa kwa homa ya Marburg, na mwaka 1987 kijana wa Kidenishi wa miaka 15 akafa kwa ugonjwa huohuo. Wote wawili walikuwa wamelitembelea pango hilo. Mwaka 1988 wanasayansi wa Kenya na Marekani waliingia humo wakiwa wamevaa nguo za kinga, wakakusanya vielelezo vya popo, wadudu na wanyama wengine, wasikipate kirusi. Tangu mwaka 2007, uchunguzi katika migodi na mapango ya Uganda umethibitisha kwamba popo wala matunda wa aina ya Rousettus hubeba kirusi hicho, nao wamo Elgon. Ramani inayoonyesha vyumba wanamolala popo hao hulinda uhai wa mtafiti na wa mgeni.

Kutoka pangoni hadi kwenye skrini

Historia ya ramani za mapango na ile ya gemu zilikutana huko Kentucky, Marekani, kwenye Mammoth Cave. Mwaka 1842, Stephen Bishop, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mtumwa na kiongozi wa wageni pangoni, alichora kwa kumbukumbu ramani ya njia ambazo nyingi alizivumbua mwenyewe, na ramani hiyo ikatumika kwa miongo mingi. Mwaka 1972 kikundi cha wachunguzi, Patricia Crowther akiwa miongoni mwao, kilithibitisha kwamba Mammoth imeungana na mapango ya Flint Ridge. Mumewe, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta, alikuwa akitumia kompyuta kuchora ramani kutokana na vipimo vyao. Mnamo mwaka 1976 alitengeneza mchezo wa maandishi, Colossal Cave Adventure, uliojengwa juu ya sehemu ya pango hilo, na mwaka uliofuata Don Woods akaupanua.

Mchezo huo haukuwa na ramani. Mchezaji aliandika anakotaka kwenda, kompyuta ikamweleza alipo, naye alichora njia kwenye karatasi kituo kwa kituo, kama mpimaji wa pango. Katika miaka ya 1980 wachezaji wengi waliendelea kuchora kwa mkono kwenye karatasi ya mirabaraba.

Kisha ramani ikaingizwa ndani ya mchezo. Doom ya mwaka 1993 ilichora yenyewe kuta ambazo mchezaji alikwisha kuziona, zikitazamwa kutoka juu. Ilitosha, kwa kuwa katika mchezo huo chumba hakiwezi kukaa juu ya chumba kingine. Descent ya mwaka 1995 iliwaingiza wachezaji katika migodi yenye njia za kila upande, na ikawapa ramani ya pande tatu inayoweza kuzungushwa. Daggerfall ya mwaka 1996 ilifanya vivyo hivyo kwa mahandaki yake makubwa. Ramani hizo zilikuwa kamili, lakini zilisomeka kwa shida: mistari ilipandana hadi mtu asijue ipi iko mbele na ipi iko nyuma. Metroid Prime ya mwaka 2002 ilipunguza shida hiyo kwa kuigawa ramani chumba kimoja kimoja na kukionyesha kila chumba kwa umbo lake.

Gemu za ulimwengu wazi ziliongeza ugumu, kwa kuwa nchi ya juu na ya chini zimo katika mchezo mmoja. Katika Minecraft, iliyotolewa rasmi mwaka 2011, ramani ya kushika mkononi huonyesha uso wa juu tu, hata mchezaji akiwa ndani kabisa ya ardhi. Skyrim, ya mwaka huohuo, ina ramani ya ndani ya mapango, lakini ghorofa zake hulaliana hadi ngazi na chumba kilicho chini yake vionekane kitu kimoja. Elden Ring ya mwaka 2022 iliipa nchi ya chini ukurasa wake, na mchezaji hubadilisha kati ya juu na chini. Tears of the Kingdom ya mwaka 2023 ina tabaka tatu, mbingu, uso wa nchi na kuzimu, lakini mapango madogo yaliyo kati ya tabaka hizo hupewa alama ya mlango bila mchoro wa ndani.

Upungufu wa ramani hizo unafanana na ule ulioonekana Uasin Gishu na Elgon. Wa kwanza ni wa tabaka: sehemu mbili zinapoangukia nukta moja, ya juu huifuta ya chini. Wa pili ni wa mwinuko: alama ya lengo humwambia mchezaji kwamba amefika, ilhali kitu anachokitafuta kiko mita thelathini chini ya miguu yake. Wa tatu ni wa mlango: ramani huonyesha mahali pa kwenda na kuficha pa kuingilia, ambapo huenda pako upande wa pili wa mlima. Wa nne ni wa skeli: kipimo kinachofaa kwa nchi nzima hakifai kwa chumba. Kwa kijana wa mitaa ya Langas au Huruma mjini Eldoret anayecheza katika kibanda cha gemu na kulipia muda, kila upungufu huo una bei, kwa sababu dakika za kuzunguka akitafuta mlango ni dakika alizozilipia.

Dawa nazo zimejulikana mapangoni kwa muda mrefu: kuzipa tabaka kurasa zake, kuonyesha mkato wa pembeni pamoja na mchoro wa juu, kuandika mwinuko kwenye alama, na kuchora mlango kabla ya chumba. Wataalamu wa mapango wa leo hutumia vipimio vya leza na programu zinazojenga umbo la pango la pande tatu, na hata hivyo huchapisha mchoro wa juu na mikato, kwa kuwa ndiyo inayosomeka mkononi.

Kilichobaki kuchorwa

Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji. Nyumba, barabara na mabomba ya maji yanasambaa juu ya nyanda ambako Wasirikwa walichimba maboma yao, na nje ya jiji trekta za mashamba ya ngano na mahindi hujaza shimo la kale kidogo kidogo kila msimu. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inatoa msingi wa kulinda maeneo ya namna hiyo, lakini mahali pasipo kwenye ramani ni vigumu kulindwa, kwa kuwa anayeidhinisha ujenzi hutazama ramani.

Uwezo wa kufanya kazi hiyo upo karibu. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Eldoret vina wanafunzi wanaosomea ardhi, mazingira na kompyuta. Utepe, dira na daftari vinatosha kuanza, na kwa mashimo ya Sirikwa hata simu inaweza kurekodi mahali pake, kwa kuwa yako wazi chini ya anga. Wazee wa Kisabaot waliosikia masimulizi ya maisha ya mapangoni kutoka kwa wazazi wao wanafaa kuulizwa kabla ya kifaa chochote kununuliwa. Kijana anayejenga gemu naye ana nchi nzima ya kweli ya kujifunzia, yenye tabaka, milango iliyofichika na giza ambalo ndovu hulipita kwa kupapasa.

Ramani ya Uasin Gishu na Elgon itakuwa imekamilika pale itakapoonyesha shimo pamoja na mkato wake, na pango pamoja na vyumba vyake, likiwa na majina waliyolipa waliokaa humo. Kaunti za Uasin Gishu na Trans Nzoia zinapaswa kuianza kazi hiyo sasa, wakati mashimo bado yanaonekana na wanaokumbuka bado wanaweza kusimulia.